Mizinga Sitini na Miwili

Jumapili, 4 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ni mimi, binti wa dada yako, yule uliyekuwa ukimwita Kobe kwa sababu wageni wakija nilijificha nyuma ya mlango. Bado najificha. Mwalimu wa lugha anasema barua njema huanza na dhumuni lake, lakini nimeanza mara nne na mara zote nne dhumuni limenikimbia. Nisamehe nikizunguka kidogo.

Anwani yako niliipata katika jarida la wafugaji wa nyuki linaloletwa maktaba ya shule. Kulikuwa na makala kuhusu maabara yenu, na jina lako chini yake. Ukinijibu, tumia anwani ya shule, kwa mkono wa mkutubi. Yeye hatoboi siri. Mama hajui kwamba nakuandikia. Tangu ulipoondoka miaka sita iliyopita, hutajwi hapa nyumbani, kama sahani iliyovunjika ambayo kila mtu anakumbuka ilikuwa na maua gani.

Mama Mdogo, nyuki wetu wanakwisha. Zamani ukiinua sega la majana, yaani watoto wa nyuki, lilikuwa limejaa mpaka pembeni, kila tundu na mfuniko wake wa nta. Sasa yamebaki mapengo kila mahali, kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno. Mizinga iko mingi lakini ndani nyuki vibarua ni wachache, na asubuhi hakuna tena ile ngurumo iliyokuwa ikituamsha.

Kwanza Mama alisema ni sumu ya jirani yetu, mkulima wa nyanya, ambaye watu wanamwita Mzee Bomba kwa sababu hata kanisani angekuja na bomba lake la dawa mgongoni. Walijibizana kwenye ua. Mzee Bomba akaapa kwamba hajapuliza tangu mvua ziishe, na akamwambia Mama kwamba nyuki wake wamezeeka kama yeye Mzee Bomba. Sasa Mama anasema ni ule ugonjwa wa majana ambao babu aliwahi kuchomea mizinga yote. Kila akisema neno kuchoma, anaangalia pembeni.

Mdogo wangu Panzi sasa ana miaka tisa. Daktari alisema mwili wake haupatani na sumu ya nyuki, na kwamba akidungwa tena anaweza asifike hospitali. Sindano yake ya mzio iko ndani ya kopo, kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Kila nikipita naligusa kopo kuhakikisha lipo.

Wewe unapima nyuki. Niambie ni nini.

Wako,
Kobe

*

Ijumaa, 9 Februari

Mwanangu Kobe,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Umekua. Yule Kobe wa miaka tisa niliyemwacha angeandika "wadudu wanakufa, njoo". Hata hivyo ningekuja, kama njia ingekuwa wazi.

Usiogope kabla ya kujua cha kuogopa. Fanya mambo mawili.

La kwanza, chukua kijiti cha kiberiti. Tafuta tundu lililofunikwa ambalo mfuniko wake umedidimia. Chomeka kijiti, kizungushe, kivute polepole. Kikitoka na ute unaovutika kama gundi, na harufu mbaya, basi mama yako yuko sahihi na moto ni dawa. Kikitoka kikavu, au ukikuta jana mweupe mzima, si ugonjwa ule.

La pili linataka subira, na hiyo unayo. Chagua sega lenye mayai. Chora kwenye karatasi matundu mia moja, uangalie kila siku kwa siku tano. Nataka kujua mayai yanapotea lini.

Halafu nijibu. Mna mizinga mingapi? Malkia wote walitoka wapi? Je, kuna nyuki wa mwituni hapo karibu, kwenye mashimo ya miti au dari za watu?

Usimfungulie Panzi dirisha unapofanya kazi. Na wewe vaa kofia ya wavu, usijifanye gwiji.

Mama yako mdogo

*

Jumapili, 18 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimefanya yote.

Kijiti kilitoka kikavu. Nilijaribu matundu kumi na mawili katika mizinga sita. Hakuna ute wala harufu. Nilimwonyesha Mama, naye akasema ugonjwa una sura nyingi na kijiti hakina macho.

Kuhusu mayai. Siku ya kwanza matundu yote mia moja yalikuwa na yai, bila pengo hata moja. Nilifurahi, nikadhani tumepona. Siku ya nne matundu thelathini na manane yalikuwa matupu. Yalikuwa masafi, yanang'aa, kama vikombe vilivyooshwa. Nikakaa pale nione yanavyotoweka. Mama Mdogo, wanawala. Mtoto wa nyuki anaanguliwa, kibarua anaingiza kichwa, anatoka naye mdomoni, anammaliza. Hawapigani. Wanafanya kama mtu anayefuta meza baada ya chakula. Usiku ule sikula.

Tuna mizinga sitini na miwili. Malkia wote ni uzao wa yule wa mzinga wa jikoni, ambao nyuki wake hawakumgusa Panzi siku ile wengine walipomdunga. Ulipoondoka Mama aliua malkia wa mizinga yote mingine, akaweka mabinti wa yule mmoja. Waliouawa wako ndani ya chupa ya spiriti kwenye rafu ya stoo. Nimewahesabu. Ni thelathini na tisa. Tangu hapo kila malkia mpya anatoka ukoo wa jikoni, na binti akionekana mkali kidogo tu, Mama anambana kwa vidole.

Nyuki wa mwituni hakuna. Amewamaliza. Watu wakimwita akawatoe darini anakwenda hata akiwa na homa. Upande mmoja tuna ziwa la magadi na upande mwingine vilima vya mawe, kwa hiyo hawaji wengine.

Jana amemkodi mtu achimbe shimo nyuma ya ghala. Anasema tarehe 16 Machi, siku ya Jumamosi, atachoma mizinga yote, ili ugonjwa usifike kwa wafugaji wengine. Panzi anaruka ndani ya shimo na kutoka, anahesabu ni mara ngapi anaweza. Nimemwomba aache. Ameniuliza ninaogopa nini, shimo si lina ngazi.

Wako,
Kobe

*

Jumapili, 25 Februari

Mwanangu,

Sasa najua, na nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaokuja maabara.

Kila nyuki jike hubeba alama mbili za jinsia, moja ya mama na moja ya baba. Alama hizo ni za aina nyingi. Mbili zikitofautiana, yai linatoa jike, na mambo yanaendelea. Zikifanana, yai linatoa dume asiyefaa kitu, na vibarua humtambua mara tu anapoanguliwa, wakamla. Ndicho ulichokiona. Penye makundi mengi ya asili mbalimbali, kufanana ni bahati mbaya ya nadra. Kwenu alama zimebaki mbili tatu, kwa hiyo malkia anaruka angani kuolewa na kila dume anayekutana naye ni kaka au binamu.

Sisi tuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ya vichwa: unasimama uwanjani unahesabu mizinga, unapata sitini na miwili. Ya pili ni ya wazazi: tunauliza, kwa jinsi damu ilivyochanganyika, kundi hili ni sawa na kundi la wazazi wangapi wasio ndugu? Hiyo ndiyo inayosema kesho kutakuwaje. Kwa majibu yako, nyinyi hamna mizinga sitini na miwili. Mna kama mitatu.

Na hesabu hii ya pili ina kinyongo. Haisahau mwaka mbaya. Mkiwa na malkia arobaini leo, mmoja mwakani, na sitini mwaka unaofuata, yenyewe inaendelea kumkumbuka yule mmoja. Mama yako angeongeza mizinga hata ifike elfu, ni yule yule mmoja anajirudia.

Kwa hiyo si ugonjwa, si Mzee Bomba, na moto hautatibu kitu. Dawa ni malkia wa damu nyingine, wachache tu.

Ninao. Unakumbuka siku ile mama yako aliniambia nichukue mizinga miwili niondoke nayo kabla hajaichoma? Mmoja ndio ule ule ulioanguka siku Panzi alipodungwa. Imekuwa kumi na minne. Miaka sita naifungua mizinga yao kwa mikono mitupu, na mwaka jana wamenidunga mara tatu, zote nikiwa mzembe. Hawana ukali wowote. Sijui kwa nini siku ile walikuwa vile.

Mama yako hatakubali ukoo ule uingie nyumbani kwake, na kama ningekuwa mama wa Panzi nisingekubali pia. Malkia ninao sita tayari. Lakini siwezi kuwaingiza kwa mlango wa nyuma. Nyumba ni yake, na mtoto ni wake.

Mama yako mdogo

*

Jumapili, 3 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Niliposoma barua yako nilikwenda uwanjani, nikaitazama mizinga yote sitini na miwili, nikaona ni mitatu iliyosimama mbele ya vioo vingi. Nikaogopa kugeuka nyuma.

Nimemweleza Mama. Sikusema ni wewe, nilisema nimesoma. Nilimwonyesha karatasi ya matundu mia. Alisikiliza mpaka mwisho, na aliuliza maswali mazuri kuliko ya mwalimu wetu wa biolojia. Kisha akaniuliza damu hiyo nyingine itatoka wapi. Nikasema labda ukoo wa zamani upo mahali. Akaweka chini kisu cha nta.

"Wale walitaka kumuua mwanangu," alisema. "Afadhali nibaki na majivu."

Akaendelea na kazi. Mimi nikajifanya natafuta kitu mezani.

Umeandika kwamba hujui kwa nini walikuwa vile siku ile. Mimi najua. Nimeliandika hili na kulichana mara nyingi kiasi kwamba mkutubi ameniuliza kama natunga riwaya.

Nilikuwa nimesoma kwamba ukigonga mzinga kwa kidole na kutega sikio, kundi lenye afya hunguruma mara moja na kunyamaza. Niligonga kwa kidole, sikusikia vizuri. Nikagonga kwa jiwe. Panzi alicheka, akataka na yeye, nikamwinua akagonga. Kisha nikausukuma ili wangurume zaidi, na mzinga ukatoka kwenye kiti chake, ukaanguka, ukafunguka.

Nilikimbia. Mimi nilikuwa na miguu ya miaka tisa na yeye ya miaka mitatu. Nilijifungia stoo nikaziba masikio, na hata nikiwa nimeyaziba nilimsikia akiniita. Alikuwa hawezi kutamka jina langu vizuri.

Wewe ndiye uliyekwenda kumchukua. Jioni Mama alipouliza nani aligusa mzinga, nilisema, "Sijui, Mama, wametoka wenyewe tu." Maneno matano. Akasema basi ni wewe hukufunga mfuniko, na nyuki ni wauaji. Wewe ukaondoka. Malkia thelathini na tisa wakaingia chupani. Ule mwaka mbaya ambao hesabu yako haiusahau, niliuleta mimi.

Zimebaki siku kumi na tatu. Nikimwambia, sijui atanitazama vipi. Nisipomwambia, atachoma. Panzi bado ananiita nikamwangalie anavyoruka.

Kobe

*

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu Kobe,

Ndani ya droo ya meza yangu ya kazi kuna kandambili ya bluu, ya mguu wa kushoto, ya mtoto, kamba imekatika. Niliikuta chini ya mzinga ulioanguka nilipokwenda kumwokota Panzi. Niliitia mfukoni kabla mama yako hajafika.

Kwa hiyo nilijua. Sikujua la jiwe, wala la kumwinua, lakini nilijua ulikuwepo. Nilipokuandikia kwamba sijui, nilikuwa nakuachia nafasi, na labda haikuwa haki. Nisamehe.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mama yako siku ile alikuwa anatafuta wa kumtwika lawama. Mimi nilikuwa na mahali pa kwenda. Wewe hukuwa na pengine. Nilidhani hasira zitapoa kwa wiki mbili, nitarudi, tutacheka. Sikumjua dada yangu vizuri kama nilivyodhani. Na sikujua atawaua malkia. Ningejua, ningesema, hata kama ungenichukia. Kwa hiyo mwaka ule mbaya usijitwishe peke yako. Mimi nilishika upande mmoja.

Sitakuamulia. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua kutokana na kazi yangu: kundi lililojifunga ndani haliponi kwa kuendelea kujifunga.

Malkia sita wako katika vijumba vyao vidogo, kila mmoja na wahudumu wake na kidonge cha sukari. Wataishi hivyo wiki mbili hivi. Nasubiri.

Mama yako mdogo

*

Jumatano, 13 Machi

Mama,

Nimeiweka barua hii ndani ya bomba lako la moshi, lile la kutulizia nyuki, kwa sababu najua hutawasha moto wowote kabla ya kulifungua. Ningekuwa jasiri ningekuambia jikoni. Nimejaribu siku tatu. Jana ulidhani naumwa ukanipa dawa ya tumbo, nikainywa.

Nyuki wa zamani hawakuwa wauaji. Mimi nilipiga mzinga kwa jiwe, nikausukuma ukaanguka, nikakimbia nikamwacha Panzi. Mama Mdogo alikuwa amefunga mfuniko. Alikuta kandambili yangu pale, akaificha, na anayo mpaka leo. Mimi ndiye niliyemwandikia. Barua zake zote ziko chini ya godoro langu, zisome.

Mizinga si migonjwa. Ina upweke wa damu. Anao malkia sita wa ukoo ule wa kwanza, na mizinga yao inafunguliwa kwa mikono mitupu.

Sikuombi unisamehe kabla ya Jumamosi. Nakuomba usichome.

Binti yako

*

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Sijui watu huanzaje baada ya miaka sita, kwa hiyo naanza.

Jana asubuhi nilibeba mafuta ya taa na bomba la moshi mpaka shimoni. Nilifungua bomba nikakuta karatasi. Nilidhani ni mambo yake ya shule. Niliisoma nimekaa kwenye dumu la mafuta. Mtu niliyemkodi akaniuliza kama tuanze, nikamwambia aende nyumbani. Akaniuliza kama shimo alifukie. Nikamwambia asubiri, sijajua nani ataingia humo.

Kisha nilikwenda chini ya godoro lake nikasoma zako. Unaandika vizuri. Zamani ulikuwa huwezi kumaliza sentensi.

Nilishusha chupa ya stoo. Nikawahesabu upya, thelathini na tisa. Nimewaangalia miaka yote hii nikijiambia kwamba kila mmoja ni usiku mmoja ambao mwanangu atalala salama. Mtoto amenieleza hesabu yako ya wazazi. Niliielewa siku ile ile aliponionyesha, kabla hajamaliza. Nilichoogopa ni kwamba ni kweli.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Siku ile sikuwepo. Nilimwachia mtoto wa miaka tisa mtoto wa miaka mitatu, katikati ya mizinga arobaini na miwili, nikaenda kwa jirani kuangalia kitambaa. Niliwaambia wote nilikuwa nyuma ya nyumba naosha masega. Nilipomuuliza Kobe nani aligusa mzinga, nilikuwa naomba aseme hakuna. Akasema hakuna. Nikashika neno lake kwa mikono miwili. Nyuki wakiwa wauaji, mama hana kosa. Mfuniko ukiwa wako, mama hana kosa. Jiwe alilishika yeye, lakini uongo wake niliuhitaji mimi kuliko yeye.

Nitamwambia. Tangu jana anakula akiwa na kitabu mbele ya uso, nami nimekaa upande wa pili. Nimemwekea nyama kubwa, akaigawa na kumpa Panzi nusu.

Lete malkia. Usiwatume na dereva, uje nao mwenyewe. Lete na ile kandambili. Tutaanza na mizinga ya mbali, kule kwenye mawe, na ikipita miezi miwili bila mtu kuumizwa tutasogea. Naogopa, usidhani nimepona. Nikifikiria ukoo ule ukiruka tena juu ya paa langu, nakwenda kuangalia kama Panzi yuko ndani. Mzee Bomba nimemwomba radhi kupitia kwenye ua. Amenipa nyanya, zimeoza upande mmoja, nimepokea.

Siku utakayofungua mizinga Panzi atakaa ndani, madirisha yamefungwa, na mtu mmoja atakaa naye akiwa na sindano. Nilidhani ni mimi. Leo asubuhi Kobe alilitoa kopo kwenye msumari, akaomba nimfundishe. Tumefanyia mazoezi kwenye chungwa, kwa sindano tupu. Mara ya kwanza aliliangusha. Mara ya saba sindano iliingia palepale nilipomwonyesha, na alihesabu mpaka kumi bila kuondoa mkono.

Dada yako